Jinsi ya kusoma zile riwaya 3 za Arthur kwa sisi tuliolelewa na hadithi ya Liongo

Watu watatu washaniuliza mwaka huu, na wote watatu walikuwa wameanza kitabu cha kwanza wakakiachia ukurasa wa 60 ama wa 80 hivi, kwahivo naandika mara moja ili kila nikiulizwa nimwonyeshe mtu hapa. Nazungumzia riwaya tatu za mwandishi Mwingereza Bernard Cornwell kuhusu Arthur, yule mfalme wa ngano za Uingereza: The Winter King ya 1995, Enemy of God ya 1996 na Excalibur ya 1997. Ni hadithi moja imekatwa mapande matatu. Mi nimeisoma yote mara mbili hapa hapa Lamu, mara ya kwanza sikufaidi hata nusu, mara ya pili nilikesha nayo, na kilichobadilika kati ya hizo mara mbili ndo nataka kukupa.

Kwanza kabisa, usifungue kitabu cha kwanza kabla hujaijua ile ngano ya zamani yenyewe. Watu wengi wanadhani riwaya itawaeleza kila kitu, haielezi. Fikiria mgeni ambae hajawahi kusikia jina la Fumo Liongo, shujaa wetu wa pwani ambae mama yake alimpelekea gerezani tupa ndani ya mkate wa wishwa akakata minyororo, umpe riwaya mpya ambayo mkate wa wishwa unafika gerezani na ndani hamna tupa. Mgeni yule atasoma atapita tu, kwake ni mkate. Wewe na mimi tutaruka tulipokaa, manake tupa tunaijua tangu tuko wadogo, tulikuwa tunaingoja. Mwandishi anaeiandika upya hadithi ya kale anacheza na kile unachokingoja, na kama huna unachokingoja basi utamu mwingi unakupita na hutajua hata kama umekupita.

Kwahivo chukua daftari, ukurasa mmoja tu, uandike ngano ya Arthur vile inavyosimuliwa siku zote. Kwa kifupi iko hivi: mfalme Uther anampata Igraine kwa uchawi wa Merlin, anazaliwa Arthur, analelewa mbali, akikua anachomoa upanga kwenye jiwe na kwa hilo anajulikana kuwa ndie mfalme, anajenga Camelot, anakusanya mashujaa wake kwenye meza ya duara, anamuoa Guinevere, alafu Lancelot ambae ndie shujaa kuliko wote na rafiki yake wa karibu anapendana na huyo mke wa mfalme. Wanatoka kutafuta kikombe kitakatifu. Mwisho Mordred, ambae wengine wanasema ni mwanawe na wengine wanasema ni mpwa wake, anamgeuka, wanapigana mahali paitwapo Camlann wote wawili wanaanguka, na Arthur anapakiwa mashuani kupelekwa Avalon na wako wanaosema atarudi.

Umeona hapo kwa mwana ama mpwa? Mi nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Manake hata kwetu iko hivohivo, ukimuuliza huyu atakwambia alomdunga Liongo sindano ya shaba kitovuni ni mwanawe wa kumzaa, ukimuuliza yule atakwambia ni mpwa. Shujaa ambae silaha ya mtu mwengine yoyote haimpati, anauliwa na damu yake. Visiwa viwili viko mbali hivo na havikuwahi kujuana na hadithi inafunga fundo mahali pamoja.

Ukishaandika huo ukurasa, andika pembeni yake miaka michache ya historia, si mingi, manake itakusaidia kuona mwandishi amechimba mpaka tabaka gani. Warumi waliondoka Britania mnamo mwaka 410 hivi. Wasaksoni wakawa wanaingia kutoka upande wa mashariki. Kuna mtawa mmoja aitwae Gildas aliandika karne ya 6, anataja vita vya Badon ambavyo Wabritania waliwashinda Wasaksoni, lakini jina la Arthur hulioni kwake hata mara moja. Kwenye Historia Brittonum ya mnamo 830 ndo tunamkuta Arthur na vita vyake 12, na pale anaitwa kiongozi wa vita, haitwi mfalme. Ndipo mwandishi Geoffrey wa Monmouth kwenye miaka ya 1130 akamfanya mfalme mkubwa wa kushinda nchi na nchi, mwaka 1155 mshairi Wace akaleta ile meza ya duara, na baadae kidogo karne hiyohiyo mshairi wa Kifaransa Chrétien de Troyes akatuletea Camelot na yale mapenzi ya Lancelot na malkia. Malory, mwandishi wa Kiingereza, alikuja kuyakusanya pamoja na kitabu chake kikachapwa 1485. Yaani karibu kila kitu ambacho mtu wa leo anakijua kuhusu Arthur kiliongezwa miaka mia sita, mia saba na zaidi baada ya huyo mtu, kama aliishi.

Hilo lisikushangaze, manake Liongo wetu nae ni hivohivo. Steere, mmishonari Mwingereza, alichapa hadithi yake mwaka 1870, Muhamadi Kijumwa wa hapa hapa Lamu akaandika utendi wake 1913, na wataalamu mpaka leo mmoja anamweka karne ya 13 mwengine anamleta mpaka ya 16 ama ya 17. Mtu wa Kipini atakuonyesha upande lilipo kaburi na hatakuuliza karne. Kama umekua na hilo moyoni na halijakusumbua, basi umeshajifunza jambo gumu kuliko yote kwenye riwaya hizi, kwamba swali la kama ni kweli halijibiki na hadithi inabaki na uzito wake vilevile.

Sasa kusoma kwenyewe. Shika penseli, na kila mahali mwandishi alipogeuza kitu kwenye ukurasa wako wa daftari, tia alama, alafu jiulize kwa nini amegeuza hapo na hakugeuza pengine. Hii ndo kazi yote, mengine ni msaada tu. Ntakupa mifano miwili ya mapema ambayo haiharibu kitu. Wa kwanza ni kwamba Arthur hapa si mfalme. Ni mtoto wa Uther wa nje ya ndoa, na mrithi wa kiti ni Mordred, mtoto mchanga, mjukuu wa Uther, amezaliwa usiku wa baridi kali na mguu wake una kasoro. Arthur ameapa kumlindia mtoto huyo kiti mpaka akue. Simama hapo ufikirie. Ile ngano uliyoiandika inasema Mordred ndie atakaemmaliza Arthur, sasa mwandishi amemfanya Arthur awe mlinzi wa mtu huyohuyo tangu akiwa kwenye nepi, kwa kiapo chake mwenyewe. Mwisho unaujua, na kwasababu unaujua kila tendo jema analolifanya Arthur linakuuma. Mtu asiyejua ngano haumwi hapo.

Wa pili ni Lancelot. Kwenye ngano ndie shujaa bora, hapa mwandishi amempindua kabisa, ni mwana wa mfalme kutoka Benoic ng'ambo ya bahari upande wa Ufaransa, mzuri wa sura, sifa zake zinaimbwa kila baraza ila vitani humuoni, washairi ndo wamemjenga. Ukikumbuka kwamba kwa kweli Lancelot aliingizwa na washairi wa Kifaransa karne ya 12 utaelewa kwa nini mwandishi kachagua yeye na sio mwengine. Mi hapa nilimheshimu sana Cornwell, amechukua jambo la historia ya hadithi akalifanya tabia ya mtu.

Na kuna neno moja nataka uliandike ukingoni kila ukilikuta: kiapo. Hesabu viapo. Nani ameapa kwa nani, kipi kimegongana na kipi. Niliposoma mara ya kwanza nilikuwa nahesabu vita, na vita viko vingi na vimeandikwa vizuri sana, ule ukuta wa ngao ambao watu wanasimama bega kwa bega wanasukumana na adui mpaka unasikia pumzi yake ya ulevi, lakini vita ni matokeo tu. Kinachosukuma vitabu vyote vitatu ni watu wema wamefungwa na maneno yao.

Msimuliaji nae mchunguze. Hadithi haisimuliwi na Arthur wala Merlin, inasimuliwa na Derfel, askari wa zamani wa Arthur, sasa ni mzee, ni mtawa kwenye nyumba ya watawa baridi huko Powys, anaandika kwa siri. Askofu Sansum aliye juu yake anadhani anatafsiri Injili kwa Kisaksoni, lugha ambayo askofu haifahamu. Alomwomba aandike ni malkia kijana anaitwa Igraine (si yule mama wa kwenye ngano, jina tu), na malkia huyu anakuja anachukua kurasa anasoma anarudi na malalamiko, anataka mapenzi zaidi, anataka Lancelot awe kama alivyomsikia kwenye nyimbo. Hizo sehemu za mzee na malkia zinakuja kila mwanzo wa sehemu mpya na watu wengi wanazirukia wanataka kurudi vitani. Usiruke nakuomba. Pale ndo mwandishi anakuonyesha ngano inavyozaliwa, mtu aliyeona anaandika hivi, msikilizaji anataka vile, na unajua mwisho wa siku ni ya nani iliyotufikia sisi.

Mi hilo nililiona nyumbani. Liongo wa bibi yangu alikuwa ni hadithi ya mama. Bibi alikuwa anakaa sana pale kwenye kuoka mkate, mkate mzuri unavyoliwa na askari wa zamu njiani na wa wishwa unavyoachwa upite, na alikuwa akifika mwisho pale Liongo amepiga goti kisimani na upinde wake mkononi, ameshakufa na watu hawajui wanaogopa kuteka maji, bibi alikuwa anamleta mama mtu aje ambembeleze mwanawe, na sauti yake bibi inabadilika. Ami yangu akiisimulia hiyohiyo barazani mama haonekani sana, ni upinde, mishale, ngoma ya gungu inavyopigwa kwa kishindo huku yeye anakata minyororo. Hadithi ni moja na nyumba ni moja. Kwahivo ukimsoma Derfel muulize kila saa, mzee, hapa unamficha nani, na huyu malkia anataka nini kwako.

Kuhusu majina, ambayo ndo yanawashinda watu kwenye zile kurasa 80 za mwanzo. Majina ni ya Kiwelisi ya kale na yanatisha kwa macho, lakini mtu wa pwani ana bahati, manake sauti zake nyingi tunazo. Herufi c ni k siku zote, kwahivo Ceinwyn ni Keinwin. F moja ni v, kwahivo Derfel ni Dervel. Dd ni dh ya dhahabu, kwahivo Gwynedd inaishia na dh. Ch ni kh ya kheri. Na w ikikaa baina ya konsonanti inasomwa u. Yasome kwa sauti siku mbili tatu utaona yanakaa. Mbele ya kila kitabu kuna orodha ya watu na orodha ya mahali, ipige picha kwa simu uwe nayo pembeni, usiwe unarudi nyuma kila saa, hiyo inachosha na ndo watu wanaweka kitabu chini.

Ramani pia jichoree mwenyewe, hata mbaya. Dumnonia kusini magharibi, hiyo ndo nchi ya Arthur. Gwent na Siluria upande wa kusini mwa Wales, Powys katikati, Gwynedd kaskazini, Wasaksoni mashariki yote. Falme ndogondogo, lugha moja, mila moja, na zinachinjana huku adui mkubwa yuko mlangoni. Mtu wa visiwa hivi hahitaji kuelezwa sana hapo. Pate, Siyu, Faza, Lamu, wote jamaa, wote wameoana, na bado mwanzoni mwa miaka ya 1800 watu wa Pate walikuja na Mazrui wa Mombasa kutupiga pale Shela. Nikisoma wafalme wa Britania wanavyokaa baraza moja hawaaminiani, nawaona kabisa watu ninaowajua.

Kitu chengine ambacho mtu wa huku anakielewa haraka ni magofu. Kwenye riwaya hizi watu wanaishi ndani ya majumba ya Warumi ambayo hawajui tena kuyajenga, paa likivuja wanaezeka kwa nyasi juu ya ukuta wa mawe, sakafu ya picha za vijiwe vya rangi wanawasha moto juu yake. Ukitaka kuingia ndani ya hali hiyo vuka uende kwenye magofu ya Takwa kule kisiwa cha Manda, ukae jioni ndani ya msikiti ule uangalie ile nguzo ya kaburi juu ya mihrabu, mji umehamwa tangu karne ya 17. Ama soma utenzi wa Al-Inkishafi, pale Sayyid Abdalla anapoziangalia nyumba za Pate zilizokuwa zinang'ara taa na sasa ni makao ya popo. Mi nilisoma beti zile usiku mmoja na sura ya Derfel akipita kwenye mji wa Kirumi uliochakaa, na ni majonzi ya aina moja.

Dini ntaisema wazi manake mmoja wa wale watatu aliacha kitabu kwasababu hiyo. Merlin hapa ni kuhani wa miungu ya kale, anatafuta Hazina 13 za Britania ili miungu irudi, Nimue mwanafunzi wake yuko vilevile ama zaidi, na kuna uchawi mwingi, damu nyingi, watu wanatema mate na kushika chuma kukinga shari. Wakristo nao wameandikwa kwa ukali, hasa huyo Sansum. Si lazima ukubaliane na chochote. Angalia tu kwamba mwandishi kila mara anaacha milango miwili wazi, jambo linatokea na waweza kusema ni uchawi na waweza kusema ni hila ya Merlin na woga wa watu. Sisi tuna fingo zilizozikwa kukinga shari, tuna wazee wanaosoma dua na wengine wanaopiga ramli mtaa huohuo mmoja, hatushindwi kuelewa watu wa namna hiyo. Ila mtoto mdogo usimpe. Kuna ubakaji, kuna mauaji ya kutisha, mi nimemzuia binti wa dadangu mpaka alipofika miaka 17, na hata hapo tulisoma pamoja.

Mwendo je? Kila kitabu ni kama kurasa 400 ama zaidi kutegemea chapa, na herufi ni ndogo. Anza msimu wa kusi, bahari imechafuka, jioni ni ndefu na watu wako ndani. Jilazimishe mpaka ukurasa wa 100 wa kitabu cha kwanza hata kama hujashika kila jina, ukifika hapo hadithi itakubeba yenyewe. Baina ya kitabu na kitabu pumzika siku tatu nne, si mwezi, ukikaa mwezi majina yanakimbia. Na usianze na cha pili kwasababu ndicho ulichokipata, mi nilianza hivo, nilikinunua Mombasa kwa muuza vitabu vya mitumba, nikadhani kila kimoja kinajitegemea, nikawa nakutana na watu wanaliliana na sijui walifanyiana nini. Kama hupati vyote vitatu vya karatasi soma kwenye simu, lakini ngoja uwe na vyote ndo uanze. Cha pili, kwa maoni yangu, ndo bora, safari ya kutafuta chungu cha miungu mpaka kisiwa cha Ynys Mon imeandikwa na mtu aliyejua kufanya msomaji asikie baridi mifupani, na mi sijawahi kuona barafu.

Ukiweza soma na mtu. Sisi tulikuwa watatu, baada ya isha tunakaa, kila mmoja anasema alama zake za penseli za siku hiyo, na mara nyingi mwenzako ameona mabadiliko ambayo wewe umeyapita. Binti wa dadangu ndie aliyeona kwamba Guinevere wa riwaya hizi anaongea kama mtu aliyefaa kutawala na hana kiti cha kukalia, na baada ya hapo sikuweza kumsoma Guinevere kama nilivyokuwa namsoma. Tulibishana mpaka tukafukuzwa kulala.

Mwisho wa kila kitabu mwandishi ameweka maelezo yake, anasema kipi kiko kwenye historia, kipi kwenye ngano na kipi amekibuni. Usiyasome kabla. Maliza kitabu, fungua daftari lako lenye ukurasa wa ngano na alama zako, ndo usome maelezo yake ulinganishe. Utakuta pengine umemshika na pengine amekupita.

Na ukimaliza Excalibur, usikirudishe kitabu kabatini siku hiyo. Rudi kwenye kurasa kumi za kwanza za The Winter King, pale mzee Derfel amekaa na baridi yake anaanza kuandika na anataja majina mfululizo, wafu wake wote. Mara ya kwanza yalikuwa ni majina tu, sasa unamjua kila mmoja alikuwa nani na alikufaje. Mi nilizisoma kurasa hizo uani, taa ya simu mkononi, mpaka ikaadhiniwa alfajiri.